Munkoyo wa Siku ya Nne

Kambove, 18 Machi 1938

Mama Mkwe wa heshima,

Natumaini treni ilikufikisha salama na mgongo haukuuma. Kwa desturi yetu mimi na wewe hatutazamani usoni wala hatuli sahani moja, ndiyo maana siku zote kumi ulizokaa kwetu nilipita mlango wa mbele, nawe ukabaki jikoni na binti yako Germaine, nami nikasikia vicheko vyenu tu. Karatasi haina macho. Nitakuandikia yale ambayo nisingeweza kuyasema hata kama ungeketi hatua mbili kutoka kwangu.

Unajua kazi yangu. Mimi ndiye infirmier, mwuguzi wa hospitali ya kambi ya mgodi, na kila Jumanne ni siku yangu ya kutoa dawa ya safura, ile minyoo midogo inayomnyonya mchimbaji damu tumboni hadi anashindwa kuinua sururu. Dawa yenyewe ni maji maangavu yanayonuka kama suti ya Mzungu iliyotoka kusafishwa. Huiua minyoo vizuri sana, lakini ni kali na ina masharti. Mgonjwa asile tangu Jumatatu jioni, asiguse mafuta, na asinywe pombe siku mbili kabla wala siku mbili baadaye. Daktari alitufundisha sababu. Pombe na dawa hii zote hupita kwenye ini, na ini ndilo lenye kazi ya kuziondoa katika damu. Zikilifikia pamoja, linaumia. Mtu aliyekunywa kidogo tu anaweza kuangushwa na kipimo ambacho mwenzake amekimeza akaenda zake anapiga mluzi.

Masharti hayo nayajua kama Baba Yetu, na kila mgonjwa namwuliza mimi mwenyewe kabla sijamimina. Jumanne hii niliwapa watu kumi na wanne. Nilipima kwa glasi ndogo yenye mistari, mstari wa tatu, si juu, si chini. Jana mmoja wao, Rigobert Chanda, mchimbaji wa zamu ya asubuhi, aliletwa amebebwa. Anatapika, na weupe wa macho yake umekuwa manjano. Daktari alitazama daftari langu, akatazama glasi, kisha akanitazama mimi. Akalifunga daftari akaondoka nalo, na hilo ndilo linaloniuma.

Niombee, Mama Mkwe. Mkono wangu nauamini, hautetemeki. Lakini usimwambie mtu yeyote.

Mkwe wako,
Godefroid Mwenze


Élisabethville, Cité Albert, 21 Machi 1938

Mkwe wangu Godefroid,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unaandika vizuri, sisi tuliofundishwa na masista kule Baudouinville hatukutani kila siku na mtu anayejua nukta inakaa wapi.

Mkono wako sina shaka nao. Mwanamume anayekunja mashati yake mwenyewe, kola juu ya kola, hawezi kukosea mstari wa tatu. (Ndiyo, nilichungulia. Desturi inanikataza kukutazama wewe, haikutaja mashati yako.) Kwa hiyo kosa liko kwa Chanda. Huyo amekunywa.

Mimi walevi nawajua. Mwaka wa kumi na nane huu nauza munkoyo sokoni, na wateja wangu wa alfajiri ni wale waliokunywa pombe jana yake, wanakuja kutuliza tumbo kwa ule uji wangu mwepesi wa mahindi na mizizi. Wananisimulia mambo ambayo hawamwambii Padri. Mwenye njaa analewa kwa nusu ya kipimo chake, maana tumbo tupu halizuii kitu. Mtu mwembamba analewa kabla ya mnene. Na akishalewa, mmwagie maji baridi, mpe kahawa nyeusi, mzungushe uwanja mzima: utapata mlevi aliyelowa, basi. Pombe hutoka mwilini kwa saa zake yenyewe, hata umwite gavana aje kuifukuza.

Basi mkalie huyo Chanda. Usimwulize kama mwuguzi, mwulize kama polisi. Akishakiri, mlete daktari amsikie kwa masikio yake, na jambo limekwisha. Wala usikonde. Germaine ana mimba ya miezi sita, hahitaji mume wa kumlisha kwa kijiko.

Mama Laurentine Mumba


Kambove, 24 Machi 1938

Mama Mkwe,

Nimefanya ulivyosema, na mambo yamekuwa mabaya zaidi. Wengine wawili wa Jumanne ile nao wamelala, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai iliyokaa. Sasa ni watatu.

Nilimkalia Chanda mpaka nikaona haya. Aliinua rozari juu ya blanketi akaniambia: "Pombe? Miye? Tangu siku ya majivu sikukunywa hata kidogo. Uulize Padri!" Nami nilikwenda kumwuliza Padri. Ni kweli. Jumatano ya Majivu wanaume karibu wote wa kambi waliweka ahadi ya kuacha pombe hadi Pasaka, na Chanda ndiye aliyesimama wa kwanza. Wale wawili vilevile. Nilikuwa nimefurahi sana kuwa Kwaresima imeniangukia wakati wa dawa. Nilijiambia, mwezi huu hakuna atakayenidanganya. Na hakuna aliyenidanganya. Kitu pekee kilichopita mdomoni mwa Chanda tangu Jumatatu, anasema, ni chakula kidogo cha mgonjwa alicholetewa na mkewe, kile chepesi cha kunywa, ili asianguke kwa njaa. Nilimkaripia kwa kuvunja mfungo, lakini uji hauchomi ini la mtu.

Daktari amefunga glasi yangu katika pamba na kuipeleka kwenu Élisabethville. Jumanne ya tarehe 5 Aprili atakuja daktari mkaguzi. Akiona nilizidisha kipimo, nanyang'anywa cheti, na Chanda akifa itakuwa kesi. Daktari wa hapa si mtu mbaya. Ameniambia nikikiri mapema kwa maandishi nitafukuzwa tu, bila mahakama.

Juzi nilipima maji katika glasi nyingine ya aina ileile mara mia moja. Mara mia moja, mstari wa tatu. Ila jioni nilianza kujiuliza kama ile ya zamani ilikuwa na mistari minne au mitano, na sikuweza kukumbuka.

Godefroid


Élisabethville, 26 Machi 1938

Germaine binti yangu,

Kaa chini usome hii peke yako.

Mumeo ameniandikia kwamba Chanda alipewa na mkewe "chakula cha mgonjwa, chepesi, cha kunywa". Nilikuwa nacheka nikisoma, nikaacha kucheka. Hapa sokoni mimi mwenyewe ndivyo ninavyoitangaza bidhaa yangu.

Unakumbuka wiki ile ya kwanza ya Kwaresima. Wanawake wa kambi walikuja mlango wa jikoni wakasema waume zao wameacha pombe, wanataka munkoyo, lakini uwe na nguvu kidogo, wasije wakavunja ahadi kwa hamu. Nikajiona mwerevu. Nikakuonyesha jinsi ya kutia sukari baada ya kuchuja, kufunika chungu kwa jani na kitambaa, na kukiacha karibu na jiko mpaka siku ya nne, uanze kuchemka wenyewe bila moto. Tuliuonja. Ulikaa kwenye kinu ukacheka bila sababu, nami nikasema hiyo ni mimba. Haikuwa mimba, Germaine.

Nijibu haya. Jumatatu ya tarehe 14 uliuza? Uliuza munkoyo upi, wa siku moja au ule? Nani alichukua?

Usimwambie mumeo kabla hujanijibu. Kosa hili nitalisema mimi. Na usilie, utamsumbua mtoto.

Mama


Kambove, 28 Machi 1938

Mama,

Nimelia, unisamehe.

Chungu nilikitengeneza Alhamisi. Jumamosi mvua ilinyesha kutwa nzima, hakuna aliyekuja, na Jumapili siuzi. Jumatatu kilikuwa bado kimejaa, kinatoa povu pembeni. Nikakipeleka kwenye ua wa hospitali pamoja na kile cha munkoyo mpya, maana Jumatatu wanawake hupita pale kuwaona waume zao wanaosubiri dawa. Wengi walichukua ule mpya. Mke wa Chanda aliuonja akakunja uso, akasema: "Mama Germaine, hii ya leo iko mayi ya batoto. Bwana yangu iko anafunga, mwili yake inaomba nguvu. Unipe ile ya siku mingi." Alijaza kibuyu kizima. Wenzake wawili wakasikia, nao wakataka huohuo. Unawajua ni wake za nani.

Hakuna aliyedhani anakosea, Mama. Walipewa masharti: pombe hapana, mafuta hapana. Munkoyo si pombe. Mimi nimelishwa munkoyo kabla sijaota meno. Kama ungeniuliza mimi mwenyewe kitandani pale, "Umekunywa pombe?" ningekula kiapo kwamba sikunywa.

Lakini nina jambo baya zaidi. Godefroid ameandika karatasi. Imo ndani ya kitabu chake cha misa, nimeisoma. Anakiri kwamba alizidisha dawa. Nilipomwuliza kwa nini anaandika uongo, alinijibu taratibu sana: "Germaine, pengine si uongo. Pengine niliona mstari wa tatu, kumbe ulikuwa wa nne." Mama, ameanza kuamini. Mtu huyu anayehesabu hatua kutoka nyumbani hadi kisimani sasa haamini macho yake mwenyewe. Anakaa mezani anaugeuza mkono wake huku na huku anautazama. Naumia kumwona hivyo kuliko ninavyoogopa kufukuzwa.

Mwandikie upesi. Usipoandika, nitasema mimi.

Germaine


Élisabethville, 30 Machi 1938

Mkwe wangu,

Leo sitakusalimu kwa mzunguko.

Kipimo chako kilikuwa sawa. Chanda hakusema uongo. Na mtu aliyewaumiza wale watatu ni mimi. Jikoni kwako, wewe ukiwa umeketi mbele na magazeti yako, nilimfundisha mkeo kugeuza munkoyo kuwa pombe bila kuubadilisha jina. Sukari, siku nne, mahali penye joto. Watu wako watatu waliunywa Jumatatu jioni, tumbo tupu, vibuyu vizima, na asubuhi ukawapa dawa juu yake. Nimemkataza Germaine kukuambia, kwa sababu kosa ni langu na nina mdomo wangu.

Nilikuandikia kwa majivuno kwamba nawajua walevi. Ni kweli nawajua. Sikujijua mimi. Miaka kumi na minane mtu akiniuliza nauza nini, najibu, chakula. Wa siku moja ni chakula, na mtoto hunywa akalala. Wa siku ya nne nimewaona watu wazima wakiunywa hapa kwenye benchi langu kisha wakimwimbia mbuzi wa jirani, nami nikasema, hao wamechoka na jua. Macho yalikuwepo, sikutaka kuona.

Kama huniamini, huko hospitali mna chupa za kioo na taa. Germaine anajua mabaki yako wapi. Yachemshe taratibu, uukamate mvuke, uupoze, kisha uwashe kiberiti juu ya matone ya kwanza. Ukipata moto, umepata jibu lako.

Karatasi ile iliyomo katika kitabu cha misa ichane. Ndiyo, najua habari zake. Mwambie mkaguzi ukweli wote na jina langu lote.

Laurentine Mumba


Kambove, 1 Aprili 1938

Mama Mkwe,

Nimeyachemsha. Nilichukua pia munkoyo wa siku moja kwa mke wa jirani, ili nilinganishe. Matone ya ule wa siku moja yalizima kiberiti. Ya ule wako yalishika moto wa buluu, mdogo, uliosimama pale kwenye kijiko kama haujui aibu. Niliketi chini sakafuni. Nilicheka kwanza, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mkono wangu, kisha nikakasirika mpaka masikio yakawaka.

Nitasema wazi kwa kuwa wewe umesema wazi. Nimekasirika nawe. Siku kumi nilijizuia hata kuomba maji jikoni kwangu kwa sababu ulikuwemo. Heshima yangu kwako ndiyo iliyoufunga ule mlango. Ningeingia mara moja tu ningelinusa lile povu, maana kunusa dawa ndiyo kazi yangu, na Chanda angekuwa shimoni leo anaimba. Nimemkasirikia Germaine pia, lakini yeye akinitazama nasahau nilichotaka kusema.

Sasa nisikilize. Sitamwambia mkaguzi. Sheria ya kambi ni moja: mwanamke anayepika pombe ndani ya kambi anatolewa siku hiyohiyo na vyombo vyake. Mkaguzi akikubali kwamba munkoyo ule ni pombe, Germaine anatolewa, na tumbo lake la miezi sita, mbele ya kambi nzima. Na mimi nisimame mbele ya Wazungu nimtaje mama mkwe wangu kama mpika pombe? Afadhali niwe na mkono mbovu. Wagonjwa nimeshawasaidia: nilimwambia daktari wa hapa awachukulie kama watu waliokunywa, nikasema ni wazo langu tu, naye akakubali kuwalisha sukari na maji mengi na kutowapa dawa nyingine yoyote inayopita kwenye ini. Wawili wanaanza kula. Chanda bado.

Kazi nyingine nitapata. Najua kusoma na kuandika. Nitaisaini ile karatasi Jumanne, na naomba mada hii tuifunge.

Godefroid Mwenze


Élisabethville, 3 Aprili 1938

Mkwe,

Usisaini.

Barua hii na mimi tunapanda treni moja kesho. Ikikufikia kabla yangu, ujue niko kituoni naulizia njia. Nina chupa tatu kikapuni, na sitapita mlango wa jikoni.

L. M.


Kambove, 9 Aprili 1938

Mama Mkwe,

Kambi bado haijatulia. Wanasema ulimkamata daktari mkaguzi kwa tai ukamnywesha chupa nzima. Nilikuwepo, zilikuwa glasi tatu, na tai hukuigusa. Lakini siwasahihishi, maana kila anayeisimulia anasimama wima zaidi anapofika pale uliposema: "Munganga, ukunywe kwanza. Kiisha utaniambia hii iko chakula ao iko pombe." Aliinywa ya siku moja akasema chakula. Aliinywa ya siku ya pili, akafikiri, akasema chakula. Ya siku ya nne aliinywa polepole. Aliishika glasi, akaketi, akaomba kuongezewa kidogo. Hapo nilijua tumeshinda. Nilipowasha matone na moto ukasimama, alikuwa ameshaamua.

Kisha ukanigeukia. Mama Mkwe, katika miaka mitatu ya ndoa yangu sikuwa nimeyaona macho yako. Ulinitazama mbele ya watu wote ukaninyooshea kidole ukasema: "Huyu mutoto alipima muzuri. Sukari iko yangu, chungu iko yangu, na kosa iko yangu. Muke yake alifanya tu namna mama yake alimufundisha." Nilitaka kuangalia chini kama desturi inavyotaka, nikashindwa. Nilikuwa nalia.

Ulipotolewa na mlinzi kurudi kituoni hukusikia yaliyofuata, kwa hiyo nakuandikia. Wewe umekatazwa kukanyaga kambi hii mwaka mzima. Germaine ameonywa kwa maandishi na chungu kimevunjwa, lakini anabaki. Wale wawili wamerudi nyumbani. Chanda ameketi leo, amekula matonge mawili ya bukari na kulaumu chumvi. Manjano inatoka machoni. Daktari anasema shimoni hatarudi mwaka huu, na pombe asiiguse tena maisha yake yote, kwa sababu ini lake lina kovu. Wamempa bustani ya hospitali aitunze. Nilimweleza kilichotokea, nikamwomba radhi kwa ajili ya nyumba yangu nzima. Akaniuliza tu kama basi ahadi yake ya Kwaresima imevunjika. Nikamwambia Mungu anajua alichodhani anakunywa.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Mkaguzi aliandika ripoti fupi: mwuguzi hana kosa, sababu ni kinywaji cha wenyeji. Akanisukumia kalamu. Nikasoma, na moyo ukakataa. Nikamwomba aongeze mstari mmoja. Alishangaa, akaniambia karatasi iko safi, kwa nini niichafue? Nikamwambia mstari huo nitauandika mwenyewe, nikauandika: "Niliwauliza wote kama wamekunywa pombe. Sikumwuliza hata mmoja amekunywa nini."

Maana ndivyo ilivyo, Mama Mkwe. Mimi nimezaliwa na watu hawahawa. Najua kwetu munkoyo hauitwi pombe. Daktari hakuweza kujua, ametoka mbali. Mimi niliweza. Nilikariri masharti kama alivyonipa, neno kwa neno, nikajivunia kukariri, wala sikuyageuza yawe maswali ambayo Chanda angeweza kuyajibu.

Kwa mstari huo nimepewa onyo, na cheo nilichokuwa nikingoja Julai kimesogezwa mwaka mmoja. Mkaguzi aliusoma tena kabla ya kuondoka, akaagiza swali jipya libandikwe mlangoni. Jumanne ijayo nitaanza hivi: "Tangu juzi umekunywa nini? Taja vyote, hata maji."

Umesafiri siku nzima kunisafisha, na mimi nimejipaka tope dakika ya mwisho. Najua utakasirika.

Godefroid


Élisabethville, 12 Aprili 1938

Godefroid,

Nimekasirika, ndiyo. Niliposoma ule mstari wako niliipiga barua kwa kiganja mpaka jirani Léonie akaja kuuliza nani amekufa. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka katikati ya Kwaresima, nikabeba chupa magotini kutoka hapa hadi Kambove zisilipuke, nikamkazia macho mkwe wangu mbele ya Wazungu, jambo ambalo mama yangu angenilaani kwa ajili yake. Yote hayo ili karatasi yako iwe safi. Nawe ukachukua kalamu.

Nilikwenda sokoni na hasira hiyo. Leo nimemwaga vyungu viwili vya siku ya tatu, wateja wamenitukana. Mmoja alitaka ule wa nguvu, macho yamevimba. Nikamwuliza kama anameza dawa yoyote. Akasema ndiyo, ana kikohozi, amepewa kitu hospitali. Nikamwambia kwangu hapati, aende akaulize kwanza. Akaniita mchawi. Baada ya kuondoka nilikaa kwenye benchi nikatambua kwamba swali nililomwuliza ni lako.

Kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo hata Germaine halijui vizuri. Ulipoleta posa, mimi nilikataa. Nilimwambia marehemu mume wangu kwamba kijana huyu ni mashati tu, kola juu ya kola, hajui kukosea na hataweza kuishi na watu wanaokosea. Germaine alilia siku tatu, baba yake akachoka akakubali, nami nikanyamaza. Kunyamaza si kukubali. Miaka mitatu umeishi na binti yangu bila ruhusa yangu, na ile desturi ya kutotazamana ilinifaa sana.

Mwaka wangu wa kukatazwa kambi utapita, na mtoto atazaliwa bila mimi mlangoni. Hilo linauma, wala sitajifanya haliumi. Lakini namwacha mtoto huyo katika nyumba ya mtu aliyeandika ule mstari akiwa amekwisha kushinda.

Nakubali posa yako.

Mama yako,
Laurentine